N63, D24 au C50? Kuweka msimbo wa uvimbe wa titi usio saratani

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa kumbukumbu za afya katika hospitali ya wilaya, na dawati la bima pia liko chini yangu. Binti wa miaka 22 alikuja kliniki ya upasuaji na uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari akaandika "uvimbe wa titi", akaweka alama ya kuuliza, kisha "faibroadenoma". Niliweka D24.9 niliyoipata mtandaoni, mfumo ukaikataa. Mwenzangu akasema hapo panataka N63. Baadaye binti alifanyiwa upasuaji, na majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa maabara wa nyama iliyotolewa, yakasema ni uvimbe wa filodesi, tulivu. Sasa mwenzangu mwingine anashauri tuweke C50, kwa kuwa jina la zamani la uvimbe huo lina neno sarkoma, ambalo ni aina ya saratani, na kwamba kwa C50 bima hailalamiki. Tufuate lipi?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Ziara ya kwanza ni N63, msimbo wa uvimbe wa titi ambao bado haujajulikana. Baada ya majibu ya patholojia ni D24, ya uvimbe tulivu, yaani usio saratani, bila nukta na bila tarakimu nyingine mbele yake. C50, ambayo ni ya saratani ya titi, hapana, hata kwa siku moja. Mwenzako wa kwanza yuko sahihi, na wewe ulikuwa karibu na ukweli kwa herufi na namba lakini uliwahi. Ushauri wa tatu ndio unaonifanya niandike jibu refu.

Tuanze na D24.9, maana hilo ndilo lililokusumbua mwanzo. Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, toleo la kumi, ni kazi ya Shirika la Afya Duniani. Katika toleo hilo la Shirika, D24 inasimama peke yake: uvimbe tulivu wa titi, basi. Haina kushoto wala kulia. Marekani wana toleo lao walilolipanua kwa mahitaji yao, walilolianza rasmi tarehe 1 Oktoba 2015, na humo ndimo zilimo D24.1 ya titi la kulia, D24.2 ya titi la kushoto na D24.9 isiyotaja upande. N63 nayo wameigawa kwa upande na kwa robo ya titi. Ukiandika swali lako kwenye intaneti, kurasa nyingi zinazokujia ni za Marekani, kwa sababu huko uwekaji misimbo ni biashara kubwa na watu wengi huandika juu yake. Kwa hiyo mfumo wenu ulioikataa D24.9 haukuwa na hitilafu. Umejengwa juu ya toleo la Shirika la Afya Duniani, na namba uliyoipa haimo humo. Upande wa titi uandike kwa maneno kwenye faili na kwenye fomu, "titi la kushoto", kila mara, hata kama msimbo hauuonyeshi. Daktari wa upasuaji atakayelifungua faili hilo baada ya miaka mitano atahitaji kujua ni titi lipi lilikatwa.

Sasa ziara ya kwanza. Siku ile daktari alijua nini? Aligusa titi, akakuta uvimbe. Kutokana na umri wa binti, na pengine kwa sababu uvimbe ulikuwa laini, wa mviringo na unaoteleza chini ya vidole, akafikiria faibroadenoma. Ni dhana nzuri, kwa sababu huo ndio uvimbe unaoonekana zaidi kwa wasichana na wanawake vijana. Lakini bado ni dhana, na ile alama ya kuuliza ameiweka yeye mwenyewe. N63 ipo kwa ajili ya siku kama hiyo: uvimbe kwenye titi ambao haujajulikana ni wa nini. Wengi huiona N63 kama msimbo wa mtu mvivu, wa kuwekwa daktari akishindwa. Mimi siioni hivyo. Ni msimbo unaosema ukweli wa siku hiyo.

Hapa kuna kanuni moja ambayo lazima uijue, kwa sababu mwenzako anaweza kukufungulia Juzuu la Pili la ainisho, lile la kanuni, na kukuonyesha maneno yanayoonekana kunipinga. Kanuni za Shirika zinasema kwamba, huduma ikishamalizika na tatizo kuu bado limeandikwa kuwa "linashukiwa", na hakuna taarifa nyingine yoyote ya kulifafanua, basi kilichoshukiwa kiandikwe kama kilichothibitishwa. Marekani, kwa wagonjwa wa nje, wanafuata kinyume chake: kinachoshukiwa hakipewi msimbo wa ugonjwa kamwe, unaandika dalili. Watu huzichanganya kanuni hizi mbili na kugombana bila sababu. Kwa binti wako, angalia maneno "huduma ikishamalizika". Ziara ile haikumaliza chochote. Daktari alimtuma akapige picha na achomwe sindano ya kuchukua chembe, kisha arudi. Taarifa zaidi zilikuwa njiani. Na alichokiandika kabla ya alama ya kuuliza ni uvimbe, jambo alilolithibitisha kwa mikono yake. Kwa hiyo N63.

Ingekuwa tofauti kama binti angelazwa, akaruhusiwa, na karatasi ya ruhusa ikasema tu "inashukiwa faibroadenoma" bila kipimo kilichobaki. Hapo kanuni ya Juzuu la Pili ingekupeleka D24. Hata hivyo, kabla sijaandika ningemfuata daktari nimuulize. Dakika mbili za kusimama mlangoni pa chumba cha daktari huokoa wiki nzima za kuandikiana barua na bima. Na kama bima yenu imetoa maelekezo ya maandishi kuhusu ugonjwa unaoshukiwa, yafuate kwenye madai yao, lakini rejesta ya hospitali iendelee kufuata kanuni za Shirika.

Mara nyingine hakuna uvimbe unaogusika, ila picha ya titi imeonyesha kitu kisicho cha kawaida. Hapo usiweke N63, weka R92. Ni kosa dogo ambalo naliona mara kwa mara sasa ambapo altrasaundi zimefika hospitali nyingi.

Tuje kwenye majibu ya sindano, maana hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. Maabara nyingi hupanga majibu ya chembe za titi katika makundi matano na kuyaandika kwa herufi C na namba: C1 ni sampuli isiyotosha, C2 ni tulivu, C3 ina mashaka lakini huenda ni tulivu, C4 inatia shaka ya saratani, C5 ni saratani. Sasa fikiria karani mchovu saa kumi jioni, mbele yake kuna karatasi ya titi yenye "C2". Herufi C katika ainisho la magonjwa ni mlango wa saratani. Anaona C, anaona titi, vidole vyake vinaandika C50. Karatasi iliyokuwa inamwambia "tulivu" imegeuka kuwa hukumu ya saratani. Vinyama vinavyochukuliwa kwa sindano nene navyo huandikwa kwa makundi ya herufi B. Hizo zote ni lugha ya maabara na hazina uhusiano na misimbo yetu. Ukizikuta, ruka herufi hizo usome sentensi ya hitimisho chini kabisa, ile ambayo daktari wa patholojia ameiandika kwa maneno.

Na C2 pekee haikutoshi kuandika D24. "Tulivu" inaweza kuwa faibroadenoma, inaweza kuwa kifuko cha maji, inaweza kuwa titi lililobadilika tu kwa homoni. Kila moja lina mahali pake.

D24 ni ya uvimbe halisi, yaani nyama iliyoota na kukua, ambao si saratani. Humo huingia faibroadenoma ya aina zote, pamoja na ile kubwa na ile ya wasichana wadogo, na pia papiloma ya ndani ya mirija ya maziwa. Ukifungua Juzuu la Tatu, kwenye faharasa, utakuta kwamba faibroadenoma isiyotajwa mahali ilipo hupelekwa D24 moja kwa moja, kwa kuwa titi ndilo makao yake ya kawaida. Lakini angalia neno linalofanana nayo: faibroadenosisi. Hilo si uvimbe wa kuota. Ni mabadiliko ya nyama ya titi, na msimbo wake ni N60.2. Tofauti ya maandishi ni silabi mbili za mwisho, na mwandiko wa madaktari unaufahamu. Ukiwa na shaka usikisie, rudi kwa aliyeandika. Kifuko kimoja cha maji ni N60.0, na titi lenye vifuko vingi vilivyotapakaa ni N60.1. Familia hiyo yote ya N60 imetengwa na D24 kwa makusudi, na chini ya D24 kwenye Juzuu la Kwanza imeandikwa wazi kwamba haimo.

Mengine niyapitie haraka. Uvimbe wa mafuta chini ya ngozi ya kifua, lipoma, uko D17.1. Uvimbe tulivu wa ngozi ya titi yenyewe uko D23.5, na doa jeusi la kuzaliwa nalo D22.5, kwa sababu ngozi ya titi huhesabiwa kuwa ngozi ya kiwiliwili. Mwanamume aliyeota matiti ni N62. Jipu la titi ni N61, isipokuwa kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, ambaye huhamia sura ya uzazi, O91. Mafuta ya titi yaliyokufa baada ya kugongwa, ambayo hugusika kama jiwe na kuwatia watu hofu kubwa, ni N64.1.

Sasa filodesi, ambayo ndiyo kiini cha swali lako.

Uvimbe huu ni nadra. Mjerumani Johannes Müller aliueleza mwaka 1838 na kuupa jina la sistosarkoma filodesi kutokana na jinsi ulivyoonekana kwa macho ulipopasuliwa: wenye nyama nyingi na vifuko ndani yake. Siku zile jina lilifuata sura. Baadaye ilieleweka kwamba filodesi nyingi ni tulivu, na madaktari wa patholojia wakaliacha neno sarkoma. Leo huzigawa katika ngazi tatu: tulivu, za mpakani, na mbaya. Jina la zamani lakini halikufutika kwenye ainisho. Ukifungua Juzuu la Kwanza kwenye D48.6, uvimbe wa titi usiojulikana mwenendo wake, utakuta sistosarkoma filodesi imetajwa hapo kwa jina. Hapo ndipo mwenzako alipoliona neno sarkoma, nadhani. Lakini hata hapo halikumpeleka C50. Lilimpeleka D48.6.

Kinachoamua ni ile ngazi. Filodesi iliyoandikwa kuwa tulivu huenda D24. Ya mpakani, au ile ambayo ripoti imeitaja jina tu bila kusema ngazi, huenda D48.6. Mbaya ndiyo C50. Binti wako ripoti yake imesema tulivu. Imeisha hapo.

Kama maabara yenu inaandika pia namba ya umbo la uvimbe, utaikuta kwenye ripoti na itakusaidia kuhakiki. Filodesi ni 9020, faibroadenoma ni 9010, papiloma ya mirija ni 8503. Baada ya namba hiyo kuna mkwaju na tarakimu moja, na tarakimu hiyo ndiyo ya kuitazama kuliko zote: 0 ni tulivu, 1 haijulikani mwenendo wake, 2 ni saratani ambayo bado imekaa mahali pake haijapenya, 3 ni saratani. 9020/0 inakupeleka D24. 9020/1 inakupeleka D48.6. 9020/3 inakupeleka C50. Ripoti ikisema kwa maneno "tulivu" huku namba ikiishia na 3, usichague mwenyewe unachokipenda. Piga simu maabara, kwa sababu kuna mtu amekosea kuandika na mgonjwa anamsubiri daktari.

Unaweza kujiuliza: je, D24 irudi nyuma ifute N63 ya ziara ya kwanza? Hapana. Ziara ya kwanza ibaki na N63 kwa kuwa ndicho kilichojulikana siku ile. Kwenye tukio la upasuaji, ambapo majibu yamerudi na daktari ameyasaini, tatizo kuu ni D24. Usiziweke N63 na D24 pamoja kwenye tukio hilo, maana uvimbe wenyewe ndio huo uliokwisha kupata jina. Kama madai ya upasuaji yanatakiwa kuondoka kabla majibu hayajafika, hilo nalo lina njia yake. Fomu ya madai ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hapa Tanzania ina nafasi ya utambuzi wa awali na nafasi ya utambuzi wa mwisho, na nafasi hizo hazikuwekwa kwa urembo. Awali iwe N63, au D24 kama sindano ilikwisha kusema faibroadenoma na daktari akaandika hivyo. Mwisho isubiri karatasi ya patholojia. Ningekuwa mimi, ningeyashikilia madai hayo hadi karatasi ifike, maana kurudisha madai yaliyokwisha kutumwa ni kazi mara mbili.

Kuna jambo la kukutuliza hapa. Sindano mara nyingi haiwezi kutenganisha faibroadenoma na filodesi tulivu, kwa kuwa chembe zake hufanana sana. Sindano ikisema faibroadenoma, upasuaji ukaja kusema filodesi tulivu, hakuna aliyedanganya, na kwa msimbo hakuna kinachobadilika. Zote ziko D24. Badilisha maneno ya utambuzi kwenye faili, msimbo uache.

Nirudi kwa C50. Wanaoshauri hivi si wote wabaya. Wengi wameona madai ya upasuaji wa titi yakikatwa, wameona hospitali ikikosa pesa za dawa, wakatafuta namba ambayo haiulizwi maswali. Lakini mfikirie yule binti. Ana miaka 22. Kwenye faili lake na kwenye kumbukumbu za bima itaandikwa kwamba ana saratani ya titi. Kesho atakwenda hospitali nyingine kwa homa tu, daktari atafungua mfumo aone C50, amuulize alitibiwa wapi na mionzi. Ataambiwa hivyo mbele ya nani? Mama mkwe? Mchumba? Nimewaona wanawake waliobeba neno hilo bila kuwa na ugonjwa wenyewe, na kulitoa kwenye kumbukumbu zao ilikuwa kazi ngumu kuliko kuutoa uvimbe. Siku atakapotaka bima ya maisha au mkopo unaohitaji taarifa za afya, namba hiyo itamtangulia mlangoni.

Na si yeye peke yake. Saratani ya titi ni ya pili kwa wanawake wa Tanzania baada ya ile ya mlango wa kizazi. Takwimu hizo hutoka kwenye kumbukumbu kama zenu, na ndizo zinazosaidia kupanga dawa na vitanda pale Ocean Road, hospitali ya saratani, na kwenye hospitali za kanda. Kila C50 ya uongo inamtia kwenye hesabu mtu asiyeumwa. Tena wagonjwa hao wa uongo hawafi, kwa hiyo hospitali yenu itaonekana inaponya saratani kuliko hospitali zote nchini, na mtu makini akikagua atataka kujua siri. Hapo ndipo itakapoitwa kwa jina lake, ambalo ni madai ya udanganyifu, na saini iliyo kwenye fomu itakuwa yako.

Kama D24 inakatwa, tatizo karibu kila mara haliko kwenye D24. Upasuaji wa kutoa uvimbe tulivu unaokua au unaomsumbua mgonjwa ni huduma halali. Mkaguzi anachokikosa ni sababu. Ambatanisha ripoti ya patholojia na maelezo ya daktari: ukubwa kwa sentimita, uvimbe umekua kwa muda gani, kwa nini ilionekana utolewe. Angalia pia kwamba msimbo wa huduma unaoomba kulipwa unalingana na kilichoandikwa kwenye karatasi ya chumba cha upasuaji. Hapo ndipo madai mengi ya titi hufia, kwa sababu aliyeandika msimbo wa ugonjwa na aliyeandika msimbo wa huduma hawakusoma karatasi moja.

Kwa kurekebisha mliyokwisha kuandika: usifute wala usipake wino juu. Piga mstari mmoja ili maandishi ya zamani yasomeke, andika msimbo sahihi pembeni, tarehe na saini yako. Kwenye mfumo wa kompyuta tumia njia ya marekebisho inayoacha kumbukumbu ya nani alibadili na lini. Mkikuta C50 nyingine zilizoingizwa kwa namna hiyo huko nyuma, pelekeni kwa mganga mfawidhi kabla hazijaombwa na wengine.

Jambo lenye kuleta nafuu ni toleo la kumi na moja la ainisho, lililoanza kutumika kimataifa tarehe 1 Januari 2022. Humo uvimbe tulivu wa titi umepewa familia yake, 2F30, yenye matawi kwa aina za uvimbe, na faibroadenoma ina namba yake, 2F30.5. Upande wa titi nao unaweza kuunganishwa kwenye msimbo. Mfumo wenu ukihamia huko, tabia ya kusoma ripoti hadi sentensi ya mwisho itawafaa zaidi kuliko sasa, kwa kuwa toleo hilo linauliza mengi.

Binti huyo atarudi kwa uchunguzi, na lazima arudi, kwa sababu filodesi hata ikiwa tulivu inaweza kuota tena mahali palepale. Akija na kidonda kimepona na titi liko salama, ziara hiyo ni Z09.0, uchunguzi baada ya upasuaji, pamoja na Z86.0 inayosema aliwahi kuwa na uvimbe wa aina hiyo. Usiendelee kumwandikia D24, maana uvimbe umeshatoka. Ukigusika uvimbe mpya, anza tena na N63, na usubiri patholojia iseme.